Dawa ya Bure Kutoka Shamba la Kijiji

Siku mama alipomvunja baba mdogo mkono, mimi ndiye niliyemshika miguu asikimbie. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa ukoo wetu wakisimulia kisa hiki huniweka pembeni, ninalia, kana kwamba nilikuwa mtoto. Sikuwa mtoto. Nilikuwa mwanamke mzima, nimeshaolewa na nimeshamkimbia mume, na nilimshika kwa nguvu zangu zote. Mama angeniambia nimshike na shingo, ningeishika.

Baba mdogo alikuwa mdogo wake baba yangu, tumbo moja. Hakuwa mwizi wala mlevi. Alikuwa na kazi moja iliyomfanya aonekane mtu kijijini: ndiye aliyekabidhiwa bomba la kupulizia dawa katika shamba la kijiji. Ugomvi wote ulitoka kwenye bomba hilo.

Kijiji chenyewe hatukukichagua. Kilikuwa mbele kidogo ya Bunda ukielekea Butiama, bondeni, mahali ambapo zamani watu walichungia tu. Kabla ya Operesheni ya kuhamia vijijini tuliishi mlimani, kila mji na zizi lake na ua wake wa minyaa, na jirani ukimtaka unamwita mpaka koo linakauka. Kisha mgambo wakaja. Mama alikataa kutoka, akakaa ndani juu ya kigoda chake, basi wakawasha paa. Alitoka nywele zikiwa zimeungua upande mmoja, kabeba jiwe la kusagia, akalibwaga juu ya mguu wa mgambo aliyekuwa karibu naye. Walimchapa viboko hapo hapo mbele ya wakwe zake, halafu wakampakia kwenye lori pamoja na kuku. Huyo ndiye mama yangu. Kwa kupigwa hakulia hata mara moja. Alikuwa analia kwa hasira tu.

Baba alikuwa amekwisha kufa, ametuacha wasichana watupu, mimi wa kwanza. Hapo ndipo palipokuwa na kidonda cha mama. Kwetu nyumba isiyo na mtoto wa kiume huzimika, ardhi ikaenda kwa ndugu wa marehemu na jina likasahaulika. Lakini mila imeacha mlango mmoja wazi. Mwanamke wa namna hiyo anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, msichana akazaa na mwanamume atakayempenda mwenyewe, na watoto wakawa wa nyumba ile na kubeba jina la yule aliyekufa. Mke wa aina hiyo tunamwita mkamwana. Mama alikuwa amekwisha kumpata msichana, na msichana amekubali. Kilichokosekana ni ng'ombe.

Ng'ombe walikosekana kwa sababu yangu. Mume wangu alikuwa mtu wa vilima vya Butiama, mkono wake mwepesi. Alinipiga kwa ajili ya uji ulioungua, akanipiga kwa ajili ya ndama aliyepotea, na siku aliponipiga bila hata kutafuta kisingizio nilichukua mwiko, moto kutoka chunguni na ugali umeganda juu yake, nikamchapa nao usoni. Kisha nikatembea mpaka kwa mama. Mume akaja nyuma yangu kudai mahari yake. Mama akamrudishia ng'ombe wote, hakubishana, ila walipotokomea njiani akanigeukia.

"Pamba ikitupa ng'ombe, utakaaga hapa na mimi mpaka uzeeke," alisema. "Isipotupa, utarudi kule, ng'ombe waje zizini. Nyumba ya baba yako haitakufa kwa sababu ya mashavu yako."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayepanga kazi za kesho. Tangu hapo niliilima pamba ile kama mtu anayechimba njia ya kutokea, na nilipokuwa napalilia nilikuwa nalitaja kila gugu kwa jina la mume wangu kabla sijalikata.

Shamba la mama lilipakana na shamba la kijiji. Katikati palikuwa na ua wa minyaa wa siku nyingi, mrefu kupita kichwa, ambao trekta haikuung'oa. Ziwa liko upande wa machweo, na jua likishapinda upepo huamka kutoka huko. Unapita kwanza kwenye shamba la baba mdogo, ambaye alijichagulia upande wa ziwani, kisha unapita juu ya shamba la kijiji, kisha unagonga minyaa yetu.

Mwanzoni shamba la kijiji lilikuwa la pamba, na kijiji kilipewa mabomba mapya ya betri. Si yale ya kubeba mgongoni na kusukuma kwa mkono. Haya yalikuwa kijiti chenye chupa ya dawa na kisahani mbele. Kisahani kinazungushwa na betri za tochi, dawa inatoka nyembamba kama ukungu, na anayepulizia anauachia upepo uitandaze juu ya mistari. Bila upepo bomba lile halifanyi kazi. Bwana shamba mwenyewe alitufundisha hadharani kwamba upepo ndio kibarua wetu. Kumbe kibarua huyo hakujua mpaka. Mama aligundua kwamba pale penye pengo katika minyaa, pana kama mlango, pamba yetu haikuwa na funza. Vitumba vilikuwa safi, vimekaa vizuri, wakati pembeni tu, nyuma ya ua, funza walikuwa wanatafuna kama wamealikwa arusini.

Habari hiyo haikufichika. Waliokuwa na mashamba upande unakoelekea upepo walionekana wamezaliwa na nyota njema, na watu wakaanza kumbembeleza baba mdogo: ukifika kwangu usiharakishe, inua bomba kidogo, ngoja upepo ukaze. Walimpelekea samaki, furu wakavu walionunua kwa akina mama wa Bukima. Tuliiita dawa ya bure. Hakuna aliyewaza kwamba kitu kama hicho kinaweza kuleta madhara. Kwetu kilichovuka mpaka na kuleta madhara kilikuwa na miguu: ng'ombe wa watu, au wezi wa ng'ombe.

Mwaka uliofuata mama alisema tunakata minyaa yote. Nilifurahi. Minyaa ina utomvu mweupe ambao ukiingia jichoni unaweza kukupofusha, na sisi tulikuwa tunaikata kwa panga, tukiruka nyuma kila tawi linapoanguka. Utomvu ulinipata hata hivyo. Nilihisi kama mtu amenichoma jicho kwa kijinga cha moto, nikaanguka nikipiga mayowe. Mama alinikalia kifuani nisijipapase, akanishika kidevu, akanimiminia maziwa jichoni mpaka yakanijaa puani nikawa nakohoa kama mtu anayezama. Kisha akainuka akaendelea kukata.

Baba mdogo alipita na kusimama upande wa pili.

"Eeh, shemeji!" alisema. "Leo unanifungulia mlango?"

Tangu matanga ya baba alikuwa anamtaka mama amrithi, na hakuwa anaficha.

"Nafungulia upepo," mama alimjibu. "Wewe ni mbeba chupa tu."

Alicheka, nasi tukacheka, mimi jicho moja limevimba kama yai.

Lakini njaa ilikuwa imewatisha wakubwa, na amri ikashuka kwamba shamba la kijiji liwe la mahindi. Pamba alime mtu kwake. Mahindi yalipandwa, yakaota, na magugu yakaota nayo. Magugu ya shamba la kijiji yalikuwa ya wote, maana yake hayakuwa ya mtu. Siku ya kwenda kupalilia kijiji kizima kiliumwa tumbo. Mwenyekiti aliwatuma mgambo wakatutoe majumbani kwa fimbo, tukatolewa, tukasimama mashambani tukikwaruza ardhi hadi mgambo wageuze kichwa. Hapo ndipo bwana shamba alipoleta dawa ya magugu.

Aliikusanyia watu. Ilikuwa kwenye madebe, na ilinuka kama choo cha hospitali kilichotoka kusafishwa. Alisema dawa hii inachagua: mahindi haiyagusi, gugu linakufa. Hakudanganya. Walijaribu ukanda mmoja, na baada ya muda magugu yakajisokota yakalala, mahindi katikati yake yamesimama wima kana kwamba hakuna lililotokea. Wazee walishika vichwa. Akasema pia ipuliziwe kwa bomba la mgongoni, asubuhi na mapema, upepo ungali umelala. Hakueleza kwa nini.

Na sisi tulilitafsiri katazo hilo kwa akili zetu. Miaka miwili tulikuwa tumekula dawa ya upepo bila kulipa. Sasa imekuja dawa bora zaidi, inayomwondolea mtu jembe mkononi, na serikali inasema isipuliziwe penye upepo. Tulielewa wote jambo moja, bila hata kuulizana: ni ubahili. Hawataki ivuke. Nilimsikia katekista wetu, mtu wa Mungu, akisema, "Wameona tunafaidi, wameamua kutubania." Mpaka leo nikikumbuka nataka kucheka, na hasira inafika kabla sijacheka.

Magugu yalikuwa yametuzidi mwaka ule. Mama aliongea na baba mdogo mpakani, pale ua ulipokuwa.

"Shemeji, mistari ya mwisho usiipige asubuhi. Njoo mchana, upepo ukishaamka, na mimi nipate."

"Bwana shamba amekataza."

"Bwana shamba anakulaga kwake. Au unataka nikupigie magoti?"

"Akisikia je?"

"Atasikia kwa nani? Mimi sisemi. Huyu hasemi." Alinionyesha kwa kidevu.

Baba mdogo alifikiri kidogo, akacheka cheko lake. Alikuja mchana, bomba mgongoni, na upepo ulikuwa mkali, mahindi yanalala upande mmoja. Alipita mstari wa mwisho, akarudi, akapita tena, akiinua mdomo wa bomba juu kama mtu anayerusha maji kwa watoto. Ukungu ulitoka pale ukaja wote kwetu. Mama alisimama katikati ya pamba yake, amenyoosha mikono, kama anavyopokea mvua ya kwanza. Mimi niliupata midomoni, ulikuwa mchungu. Tulimpa baba mdogo kibuyu cha togwa, akanywa akakimaliza, akaondoka akipiga mluzi.

Magugu yetu yakaanza kujisokota. Mama alipiga vigelegele pale shambani mpaka jirani wa nyuma yetu akaja kuona, naye akafurahi, maana na kwake kulikuwa na yaliyojisokota. Tulilaza majembe. Nadhani ndizo siku pekee katika maisha yangu nilizomwona mama akikaa mchana bila kazi.

Kisha pamba nayo ikaanza.

Kwanza majani yalijikunja kwenda juu kama viganja vya mtu anayeomba. Vikonyo vikalegea. Mama alisema ni jua. Kisha majani mapya yakatoka, na hayakuwa majani ya pamba. Yalikuwa membamba, yamegawanyika, mishipa imekaribiana, mfano wa mguu wa bata. Shina lilijipinda shingoni. Kunde zilizokuwa pembeni zikajinyonga, maboga yakanywea, matembele yakawa kama yamemwagiwa maji ya moto. Ulezi wetu haukuguswa. Na vitumba, ambavyo ndivyo pamba yenyewe, vikaanza kuanguka. Nilikuwa nazunguka asubuhi nikiviokota kwenye kanga, sijui kwa nini, labda nilidhani vikiwa vyangu havitakuwa vimepotea. Nilikaa kwenye mstari nikiwa navyo mapajani, nikauona uso wa mume wangu waziwazi.

Ilikuwa mbaya zaidi pale mpakani, ikapungua kadiri unavyoingia ndani, na mwisho kabisa palikuwa na mistari michache iliyobaki na sura yake. Kwa hiyo hata mjinga angejua ilikotoka. Jambo la kikatili ni kwamba haikufa. Ingekufa tungelia yakaisha. Ilibaki kijani, ikarefuka, ikanipita mabegani, na haikuwa na kitu. Mama aliipalilia. Aliita katekista akainyunyizia maji ya baraka, kisha akamchinjia mzee mmoja jogoo aje afanye ya kwake. Kila jani jipya lilitoka baya kuliko la jana.

Bwana shamba alipofika alikata tawi, akaligeuza, akalitupa.

"Kwa dawa ile, mama, pamba ni gugu," alisema. "Kila chenye jani pana ni gugu."

"Mbona siku ile haujasema?"

"Niliwaambia asubuhi. Niliwaambia pasiwe na upepo. Mliniona mimi mjinga?"

Swali hilo lilimuumiza mama kuliko viboko. Nililiona hilo.

Baba mdogo alikuja baada ya hapo. Alivaa shati safi, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Mama alikuwa anapachika jembe kwenye mpini mpya.

"Shemeji, Mungu amesema," alianza. "Pamba hakuna, mwana hakuna. Mimi nakurithi, tuache mchezo. Na binti huyu arudi kwa mume wake, ng'ombe waje zizini kwangu, nitawatunza kama wa marehemu."

Mama aliuchomoa mpini polepole.

"Ulijua?" aliuliza.

"Nijue nini?"

"Shamba lako liko upande wa ziwa. Pamba yako imejaa vitumba. Ulijua inafanyaga nini hiyo dawa?"

Angeweza kusema hapana. Nadhani hata hakujua. Wote waliokuwa upande wa ziwa pamba yao ilisimama, na yeye alikuwa mtu wa kubeba chupa, kama mama alivyosema. Lakini alicheka. Alicheka cheko lile lile la mpakani, akasema, "Shemeji, si wewe uliyeniita?"

Pigo la kwanza lilimpata begani. Aliruka kutoka kwenye kigoda akaelekea njiani, nami nilikuwa karibu nikajirusha, nikamkumbatia miguu, tukaanguka wote vumbini. Alinipiga teke la mdomo, meno yakanilegea, sikumwachia. Aliinua mkono kujikinga kichwa, na mama akapiga pale pale kwenye kiwiko, akapiga tena, na mara hiyo nikasikia mfupa. Ni sauti ndogo, kama kijiti cha mhogo. Alikuwa analia, "Mnaniua! Mnaniua kwa pamba!" Mama alikuwa anahema tu na kupiga. Sijui angeishia wapi. Wanaume walikuja wakamnyang'anya mpini, na mmoja alilazimika kunikanyaga kifundo cha mkono ndipo vidole vyangu vilipomwachia baba mdogo. Nilikuwa na furaha. Damu ilikuwa inanitoka mdomoni na nilikuwa na furaha, tangu mume wangu aanze kunipiga sikuwahi kujisikia mzima kiasi kile.

Walimpakia kwenye lori la pamba wakampeleka hospitali ya Musoma. Alirudi mkono umepinda, haunyooki. Sisi walitufunga kamba za ng'ombe wakatupeleka ofisi ya kijiji.

Baraza lilijaa. Mwenyekiti alimwuliza mama kwa nini amempiga shemeji yake, mtumishi wa kijiji. Nilitegemea aseme kwamba ameharibiwa shamba. Watu wengine walikuwa tayari kumtetea, hata jirani wa nyuma yetu alikuwa ameanza kuinua mkono.

"Mimi ndiye nilimwita apulizie mchana," mama alisema. "Mimi ndiye nilikata ua. Na mimi ndiye nilimpiga. Yote ni mimi."

Mkono wa jirani ukashuka. Kwake nako pamba ya upande wetu ilikuwa na miguu ya bata, na sasa amejua nani aliyemfungulia dawa njia, maana minyaa yetu ndiyo iliyomkinga na yeye. Alimtemea mama mate mbele ya baraza. Siku ya pili ng'ombe wake walikuwa ndani ya ulezi wetu, na hakuna aliyewaona wakiingia.

Bwana shamba aliulizwa akasema dawa haina kosa, ni upepo. Nikasema kwa sauti, huku mdomo umevimba, "Basi uleteni huo upepo nao uchapwe." Watu walicheka. Mgambo walimchapa mama kwanza, kisha mimi, na kwa ajili ya ule mzaha wakaniongeza. Mama aliadhibiwa pia kupalilia shamba la kijiji mpaka mavuno, peke yake, kwa jembe, mahali pale ambapo hapakuwa tena na gugu la kupalilia. Kila asubuhi alisimama kwenye mahindi yale yaliyonyooka akikwaruza udongo mtupu, na mgambo kivulini akimhesabia mistari.

Msimu ulipokwisha ilikuja amri ya kila mwaka: mabua ya pamba yang'olewe na kuchomwa yote, ili funza wasipate makazi. Ya wenzetu yalikuwa makavu, yaliwaka vizuri. Ya kwetu yalikuwa bado kijani. Tuliyang'oa kwa mikono mpaka viganja vikachubuka, tukayarundika, tukayatia moto, na yakatoa moshi tu, moshi mzito wenye ile harufu ya choo cha hospitali, au labda harufu ilikuwa kichwani mwangu. Mama alichukua panga akaanza kuyakatakata. Alikata bua moja moja, akitukana, akiyaita majina ambayo mwanamke hayasemi mbele ya mwanawe. Alipochoka akakaa chini ndani ya moshi.

"Utafunga mizigo yako lini?" aliniuliza.

"Mama, kule nitauawa."

"Hutauawa. Wewe ni mimi."

Nilimwambia nitajitupa ziwani. Akasema ziwa liko mbali, nitachoka kabla sijafika. Nilimpenda na nilimchukia, vyote siku ile ile, na sijaweza kuvitenganisha hadi sasa.

Alinipeleka mwenyewe. Tulipanda vilima vya Butiama, yeye mbele, na tulipofika hakutaka hata maji, alitaka aonyeshwe zizi. Mume wangu alitoa ng'ombe wale wale. Mama aliwapitia mmoja mmoja, akawafungua midomo, akawapapasa viwele, mmoja mwenye kwato mbaya akamkataa akabadilishiwa. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mlango na kitita changu. Alipomaliza aliwaswaga mteremko huo bila kugeuka, na nilijua hageuki kwa sababu akigeuka atanichukua. Angalau ndivyo nilivyojiambia.

Msichana aliolewa na mama kwa ng'ombe hao, kwa ngoma na vigelegele. Mimi sikuruhusiwa kwenda. Mume wangu alikuwa amejifunza. Sasa alificha miiko kabla ya kunipiga.

Siku aliyonivunja mfupa wa bega nilisubiri atoke kwenda kuchunga, nikatembea mchana kutwa nimeshika mkono kama mtu aliyebeba mtoto. Mama alinipokea bila kuuliza. Alinikalisha, akanipapasa mpaka akapata palipovunjika, akanyoosha, nikapiga yowe, akanifunga kwa vijiti na kamba ya katani vizuri kuliko daktari. Akanikandia kwa maji ya chumvi. Akachinja kuku, akanilisha kwa mkono wake, tonge kwa tonge, jambo ambalo sikumbuki kufanyiwa tangu nilipokuwa mdogo. Mkamwana wake alikuwa ameketi upande wa pili wa moto, ananyonyesha. Alikuwa amezaa mvulana. Mama alimchukua mtoto kifuani kwa mama yake akaja kuniwekea kwenye mkono wangu mzima.

"Mpakate baba yako," alisema.

Alikuwa mzito, ananuka maziwa, amekunja ngumi. Alikuwa na paji la uso la baba yangu, au tulitaka awe nalo. Mama alikuwa anamtazama na uso wake wote ulikuwa umelegea, hauna hasira hata kidogo. Sikuwahi kumwona hivyo, na nililala usingizi mzuri nikidhani yamekwisha.

Asubuhi alinigusa begani, lile bega zima.

"Amka, mwanangu," alisema. "Nikusindikize kabla jua halijawa kali."

Nikaamka.